Barua ya wazi kwa Halmashauri ya Parokia: mrudishieni Simoni wavu wake

Kwa Baba Paroko,
Kwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Parokia,
Na kwa wajumbe wote wa Kamati ya Matengenezo ya Kanisa,
Kisumu.

Tumsifu Yesu Kristo.

MINTARAFU: KUOSHWA NA KUPAKWA UPYA KWA PICHA YA MUUJIZA WA SAMAKI

Ninawaandikia hadharani baada ya kuwaandikia faraghani mara tatu. Barua ya kwanza nilimkabidhi katibu mkononi mwezi wa Februari, juma moja baada ya picha kushushwa ukutani. Ya pili niliitia katika sanduku la maoni mwezi wa Aprili. Ya tatu nilimsomea Mwenyekiti mwenyewe nje ya kanisa baada ya Misa ya kwanza, naye akanijibu kwa upole kwamba jambo hilo limeshapita. Kwa heshima zote, halijapita, kwa sababu Jumapili iliyopita tulitangaziwa kwamba awamu ya pili ya kazi hiyo itaanza mwezi ujao ili picha yote imalizike kabla ya sikukuu ya somo wa parokia. Sitalitaja jina la parokia wala la mtu yeyote. Wanaohusika wanajijua, na wasiohusika hawana haja ya kupewa mtu wa kumcheka.

Kwa msomaji asiyeijua picha yenyewe, nieleze kidogo. Ni mchoro wa rangi za mafuta, upana wake unakaribia mita mbili, unaoonyesha habari ya sura ya 5 ya Injili ya Luka: wavuvi waliokesha bila kupata kitu wanaambiwa washushe nyavu tena, nyavu zinajaa hadi zinaanza kukatika, chombo cha pili kinaitwa kuja kusaidia, na vyote viwili vinakaribia kuzama. Ulichorwa mwaka 1974 na mwalimu wa shule ya msingi, marehemu sasa, aliyeagiza rangi zake Nairobi kwa mshahara wake mwenyewe. Turubai hakuipata, alitumia kitambaa cha amerikani, akakivuta juu ya fremu ya mvule iliyochongwa na fundi wa mashua. Watu aliowachora ni wavuvi wa Dunga, ufuko wa hapa Kisumu. Mashua zile ni za huku kwetu, na samaki wale ni ngege, yaani perege.

Niseme pia mapema, ili asije mtu akaniambia baadaye kwamba nilificha: Simoni Petro wa picha ile ni baba yangu. Alikaa mbele ya mchoraji Jumamosi tatu, darasani, juu ya karai lililofunikwa, akiwa ameshika kipande cha wavu mkuukuu. Kwa hiyo nina maslahi. Lakini haya ninayoyaandika ningeyaandika hata kama aliyepiga magoti pale angekuwa baba wa mtu mwingine.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Jinsi picha ilivyoshushwa na kuhifadhiwa

Ukuta ulipokuwa ukipakwa rangi, picha ilitolewa kwenye fremu yake kwa kung'olewa misumari na koleo, ikakunjwa kama mkeka, upande wenye rangi ukiwa ndani, na kusimamishwa katika kona ya sakristia kwa majuma matano. Kona hiyo ndiyo ile ambayo sote tunajua kwamba bati lake huvuja. Mchoro wa mafuta uliokomaa kwa miaka hamsini haukunjwi hivyo. Ikibidi kabisa uviringwe, huviringwa juu ya bomba nene, rangi ikitazama nje, kwa maana rangi iliyo ndani hubanwa, ikajikunyata na kupasuka. Ilipokunjuliwa ilikuwa na mipasuko saba ya wima ambayo haikuwapo. Niliihesabu mwenyewe.

2. Kuoshwa kwa sabuni ya unga

Nakubali kwamba picha ilikuwa imefifia. Ubani, mishumaa na taa za karabai za miaka ile ambayo umeme ulikuwa wa kubahatisha viliiachia ukungu wa masizi, na vanishi nayo, kama ilivyo kawaida yake, ilikuwa imegeuka manjano. Lakini dawa ya hayo haikuwa ndoo, sponji na sabuni ya kufulia. Sabuni ya namna hiyo hula ngozi ya mafuta iliyoshika rangi. Maji nayo hupenya kwenye nyufa, yakafika kwenye kitambaa, na kila aliyewahi kufua amerikani mpya anajua inavyorudi. Kitambaa kikinywea huku rangi iliyo juu yake haiwezi kunywea, rangi huachia. Wataalamu wa kazi hii husafisha kwa kijiti chenye pamba, eneo dogo kama kucha kwa wakati mmoja, na mara nyingi huanza kwa kulowesha pamba ile kwa mate yao wenyewe, kwa kuwa mate yana vimeng'enya vinavyolainisha uchafu bila kuidhuru rangi. Kwa mwendo huo picha yetu ingechukua majuma. Ilioshwa asubuhi moja, na maji yaliyomwagwa nyuma ya kanisa yalikuwa na rangi ya buluu.

Mwaka 2020, ziwa lilipofura kupita kumbukumbu za wazee wetu na maji yakaingia hadi kwenye vibanda vya Dunga, picha hii ilikaa ukutani pake bila kupata hata doa. Iliponea ziwa, ikaja kushindwa na ndoo.

3. Kupakwa upya, na hasa mikono ya Simoni

Hili ndilo lililonitoa nyumbani, nami naomba mnivumilie nikilieleza kwa urefu.

Katika picha ya mwanzo, Simoni amepiga magoti katikati ya samaki. Mkono wake wa kushoto umeukamata wavu unaotaka kumponyoka, na wa kulia ameunyosha mbele, kiganja wazi, akimzuia Bwana asimkaribie. Mchoraji alikuwa amesoma Injili kwa makini. Luka anasema kwamba Simoni alipoona wingi ule wa samaki alianguka magotini pa Yesu akamwomba aondoke kwake, kwa kuwa yeye ni mwenye dhambi. Shukrani hazitajwi hapo. Kuna mtu aliyeogopa, ambaye hata katika hofu hiyo mkono mmoja umekataa kuiacha kazi. Kwenye kidole gumba cha mkono ule wa kushoto palikuwa na kovu lililozunguka kama pete, la kamba ya wavu iliyomkata baba kabla sijazaliwa. Mchoraji aliliona, akalichora kwa mistari miwili ya rangi ya waridi, myembamba kama uzi.

Sasa Simoni ameunganisha viganja kifuani kama mtoto wa Komunyo ya Kwanza. Mikono yote miwili imepakwa upya, laini, bila mshipa wala kovu, na ule mkono wa kuume uliokuwa ukisema "ondoka" umefunikwa kwa rangi ya anga. Nilimwomba jirani yangu, ambaye anavua hadi leo, aje aitazame, nikakaa kimya nisije nikamwekea maneno mdomoni. Akaitazama kitambo, kisha akauliza, "Wavu ameshika nani?"

Hakuna aliyeushika, waheshimiwa. Wavu uliojaa samaki wa kuzamisha vyombo viwili unaning'inia ubavuni mwa mashua peke yake, bila mkono wala kamba. Mvuvi yeyote anayeingia kanisani mwetu, na wengi wetu ni wavuvi au tunakula kwa jasho la wavuvi, ataona kwamba muujiza ule umeshaporomoka majini.

Samaki nao wamebadilishwa. Ngege wa mwanzo walikuwa na mistari yao ya wima ubavuni na ule wekundu hafifu wa ukingoni mwa mkia. Wa sasa wote ni wa fedha na buluu, wote wanatazama upande mmoja, wote wanatabasamu, kama samaki wa kwenye ubao wa hoteli. Simlaumu fundi. Ni kijana mwenye mkono mzuri, na mabango yake mjini ninayapenda. Alipewa siku tatu na akaambiwa "ng'arisha". Aling'arisha.

4. Jina la mchoraji

Kwenye pembe ya chini, upande wa kulia, palikuwa na herufi mbili za jina la mchoraji na mwaka. Pamepakwa rangi, na juu yake limeandikwa kwa herufi za dhahabu jina la mfadhili wa matengenezo. Mfadhili tunamshukuru kwa mabati na kwa viti. Hakuchora picha.

Sasa nigeukie majibu ambayo nimekwisha kupewa, na yale ninayoyatarajia.

Jibu la kwanza nilipewa na mjumbe mmoja wa Kamati, tena kwa kujiamini: "Mwalimu, picha ilikuwa ya rangi ya mafuta, na sisi tumetumia rangi ya mafuta." Hapa lugha yetu imetuponza, kwa kuwa tunaziita kwa jina moja rangi ya mchoraji na rangi ya mlango. Rangi ya mchoraji ni unga wa rangi uliosagwa katika mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kama nguo inavyokauka juani. Huvuta oksijeni hewani na kugeuka polepole kuwa ngozi ngumu, kazi ambayo kwa juu huonekana imekwisha baada ya siku chache lakini kwa ndani huendelea kwa miaka mingi. Rangi ya milango na madirisha imeungwa kwa gundi nyingine ya kiwandani, ili ikauke upesi, ing'ae na ivumilie kupigwa na mvua. Ikilazwa juu ya mchoro wa zamani, ngozi hizo mbili hutanuka na kunywea kila moja kwa namna yake, na katika mji wenye joto na unyevu wa ziwa kama huu wetu, hatima yake ni kupasuka na kubanduka, ya juu ikiondoka na ya chini. Tena rangi hiyo kadiri inavyokomaa ndivyo inavyohitaji dawa kali zaidi kuiondoa, na dawa iliyo kali kiasi hicho haitajua iishie wapi. Ndiyo maana siwezi kungoja mkutano mkuu wa Desemba.

Jibu la pili ni kwamba picha ya mwanzo haikuwa ya Kibiblia, kwa sababu ilikuwa na watu wetu, mashua zetu na samaki wetu, na kwamba kuirekebisha ilikuwa kuirudisha kwenye Maandiko. Hili lilinishangaza kuliko yote. Ile tunayoiita Bahari ya Galilaya ni ziwa la maji baridi lenye urefu wa kilomita 21 hivi. Ghuba yetu ya Winam, ambayo ni pembe moja tu ya Ziwa Victoria, peke yake inalipita kwa urefu. Na samaki anayeuzwa kando ya ziwa hilo hadi leo kwa jina la samaki wa Mtakatifu Petro ni wa ukoo mmoja na ngege. Mchoraji wetu, kwa kuchora alichokiona ufukweni, alikuwa karibu zaidi na Galilaya kuliko hao samaki wa buluu ambao hawapatikani kwenye maji yoyote ninayoyajua. Wala hakuwa wa kwanza kufanya hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Elimo Njau alichora katika kanisa la Kianglikana la Murang'a kuzaliwa kwa Kristo, ubatizo wake, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na kusulubiwa, vyote vikiwa katika nchi ya Waafrika na kwa sura za Waafrika. Tukienda mbali zaidi, Rubens aliwachorea wauza samaki wa mji wa Mechelen, Ubelgiji, muujiza huu huu kati ya 1618 na 1619, kwa ajili ya kanisa lao, na wavuvi wake ni wanaume wa kaskazini wenye misuli na ndevu, wakivuta wavu kwa mikono inayoonekana. Nasisitiza: inayoonekana.

Jibu la tatu ni kwamba waumini wameipenda. Baadhi wameipenda, ni kweli. Kitu kinachong'aa hupendwa haraka. Na mjumbe mwingine, kwa mzaha nadhani, aliniambia kwamba hata Hispania picha ya Yesu iliyoharibiwa na muumini ilileta watalii. Anazungumzia mji wa Borja, ambako mwaka 2012 mama mmoja mzee, kwa nia njema, alijaribu kuitengeneza picha ya Kristo mwenye taji la miiba iliyochorwa ukutani na Elías García Martínez, na uso ukatoka kichekesho cha dunia nzima. Watalii walikwenda, ndiyo. Walikwenda kucheka. Sidhani kama ndiyo ibada tuliyoikusudia hapa.

La nne ni la pesa, nalo nalichukulia kwa uzito, kwa maana najua sadaka zetu zinavyohesabiwa. Lakini siombi mtaalamu wa kutoka ng'ambo. Kwa sasa ninaomba kutofanya, na kutofanya hakuna gharama. Kwenye barabara ya kwenda Kericho tuna Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa. Kuandika barua ya kuomba ushauri wao ni kazi ya asubuhi moja ya katibu.

Na kama mtaniambia kwamba picha ni mali ya kanisa na haimhusu mtu mmoja, nakubaliana nanyi kabisa. Ndiyo sababu nauliza ni kikao kipi cha kanisa kilichoamua ipakwe upya. Mimi ni mjumbe wa jumuiya ndogo, sikuwahi kukosa kikao mwaka huu, na halikuletwa kwetu.

Baada ya kuyasema hayo, ninaiomba Halmashauri mambo manne.

Awamu ya pili isitishwe, na isitishwe kwa tangazo la madhabahuni kama ilivyotangazwa. Uso wa Kristo, anga, na chombo cha pili pamoja na yule kijana anayechota maji kwa kopo bado ni kazi ya mkono wa mwanzo. Hivyo ndivyo vilivyobaki, na ndivyo vilivyopangwa kuguswa mwezi ujao.

Mtu mwenye ujuzi wa kuhifadhi michoro aitwe kuikagua na kuandika taarifa kabla ya mtu yeyote kuisogelea na thina, tapentaini au msasa, hata kwa nia ya kuondoa kilichoongezwa. Naomba hili lieleweke, kwa sababu nimesikia kwamba wapo vijana wanaotaka kunifurahisha kwa kukwangua mikono ile mipya. Msiwaruhusu. Chini ya ile rangi huenda mkono wa baba yangu bado upo, na kisu hakitautofautisha na mwingine.

Jina la mchoraji lirudishwe. Likisubiri ukaguzi, liandikwe kwenye kibao kidogo kando ya fremu, na jina la mfadhili lipewe mahali pake kwenye kibao cha shukrani mlangoni.

Na kumbukumbu za kikao kilichoidhinisha kazi hii, pamoja na hesabu yake, zibandikwe kwenye ubao wa matangazo.

Ikiwa mtaona kwamba picha kama ilivyo sasa haifai kutazamwa wakati tukingoja, basi ishushwe pamoja na fremu yake, bila kukunjwa, ilazwe mahali pakavu, na ukuta ubaki mtupu. Hakuna aibu katika ukuta mtupu. Mchoro wa Rembrandt wa mwaka 1633 unaomwonyesha Kristo katika dhoruba kwenye ziwa lile lile la Galilaya uliibwa Boston, Marekani, mwezi Machi 1990, katika jumba la makumbusho la Isabella Stewart Gardner, na hadi leo fremu yake imening'inizwa pale pale ikiwa tupu. Wangeweza kuitia nakala. Hawakuitia.

Naomba jibu la maandishi kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao. Nipo tayari kuitwa na Kamati siku yoyote baada ya saa kumi jioni, na nitakuja na bahasha ambayo nimekwisha kuiandaa. Ina picha nne za kamera zilizopigwa kanisani mwetu kati ya 1981 na 1998, mbili za arusi, moja ya Kipaimara na moja ya mazishi, ambazo nyuma ya watu unaonekana ukuta wa mashariki na mchoro ukiwa juu yake. Mtaalamu atakayekuja atazihitaji ili ajue nini kilikuwa wapi. Ile ya 1998 ilipigwa karibu sana, kwa kuwa bibi arusi alisimama kando ya fremu, na juu kidogo ya bega lake, ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, kidole gumba kinaonekana.

Wenu katika Kristo,

Mwalimu mstaafu na muumini wa parokia,
Kisumu.